Kupinga, Kukanusha na Kuasi: Fundisho Kutoka Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtia mfasiri mashakani limo neno "gainsay". Si neno la mazungumzo ya kila siku; Waingereza wenyewe hawalitumii sokoni wala jikoni. Lakini wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hukutana nalo katika hukumu za mahakama, katika barua za zamani za kibalozi na katika vitabu vya dini. Likifika mezani, kila mtu hulitolea neno lake: mmoja huandika kupinga, wa pili kukana, wa tatu kubisha, na wa nne huona kuwa ni kuasi. Maneno hayo manne hayalingani. Aliyekana hakuasi, na aliyepinga huenda hakukana kitu chochote.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na jamaa zake katika Kiswahili, na kulipima kwa historia ya mahali pamoja, yaani Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mahali hapo hatukupachagua ovyo. Huko, tangu mwaka 1890, swali la nani alipinga, kwa maneno gani na wakati gani, limeambatana na swali la nani mwenye maji. Mvuvi wa Matema au wa Itungi anayesukuma mtumbwi wake kwenda kutafuta usipa na mbasa hahitaji kamusi ili ajue kazi yake. Hata hivyo, haki yake juu ya maji yale imebebwa na maneno yaliyoandikwa mbali naye, na wakati mwingine na maneno ambayo hayakuandikwa.

Asili na matumizi ya neno

Neno "gainsay" limeundwa kwa viungo viwili vya Kiingereza cha kale: cha kwanza kina maana ya kukabili au kuwa kinyume, cha pili ni kusema. Kwa hiyo maana yake ya asili ni kusema kinyume. Halina mkuki ndani yake, wala halina vurugu. Ni tendo la kinywa: mtu mmoja ametamka jambo, mwingine anasimama na kusema kwamba sivyo, au kwamba haikubaliki.

Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia neno hili na vinyambuo vyake mara kadhaa. Tukiitazama Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ile iliyotolewa mwaka 1952, tunaona kwamba mahali pale pale pamepewa maneno mbalimbali. Katika Luka mlango wa 21 ni kupinga. Katika Warumi mlango wa 10 watu wenye sifa hiyo wanaitwa wakaidi. Katika waraka wa Yuda, habari za Kora zinaitwa maasi. Hatusemi kwamba wafasiri hao walikosea, maana kisa cha Kora kilikuwa maasi kweli. Tunachotaka msomaji akione ni umbali wa safari yenyewe. Neno lililoanza kwa maana ya kusema kinyume, lilipofika katika Kiswahili liliweza kusimama popote kati ya hoja na hatia.

Jambo la pili la kuangaliwa ni kwamba katika Kiingereza cha leo neno hili huonekana zaidi katika ukanushi. Mawakili na mahakimu wa Afrika Mashariki wanaoandika kwa Kiingereza hulipenda mno, lakini kwa namna hiyo tu: kwamba jambo fulani haliwezi kusemwa kinyume. Hapo mfasiri asihangaike kutafuta kitenzi. Kiswahili kina misemo yake iliyo tayari: hakuna ubishi, ni jambo lisilo na shaka, halina mjadala. Taabu huanza pale neno linapotumika kwa tendo lenyewe, yaani pale ambapo kweli mtu alisimama akasema kinyume, au pale tunapoambiwa kwamba hakusimama mtu.

Hazina ya Kiswahili na mielekeo yake

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kupinga. Taabu yake ni wingi, na kila neno lina historia yake.

Tuanze na pinga. Maana yake ya kale ni kuweka kitu kikingame ili kuzuia njia. Mlango hupingwa kwa kipingo; na katika jamaa hiyo hiyo limo neno pingu, ambalo ni kizuizi cha mikono au miguu. Kutokana na pinga tumepata pingamizi, yaani kitu au neno linalowekwa njiani ili jambo lisiendelee mpaka litazamwe. Tumepata pia mpinzani na upinzani. Lakini tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa nchini mwaka 1992, upinzani umechukuliwa mno na siasa ya vyama. Mtu akisikia leo habari za upinzani, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye Bunge na vyama visivyoshika serikali.

Kinza ni ndugu wa pinga kwa maana, na ukinzani sasa umepata kazi yake katika sayansi, hasa katika elimu ya umeme. Kana na kanusha ni kusema kwamba jambo si kweli. Yafaa ikumbukwe kwamba mzizi wa kana umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na katika nyingi kati ya hizo maana yake ni kukataa. Bisha ni kushindana kwa maneno juu ya ukweli wa jambo. Lakini mbishi husemwa kwa lawama kidogo, kana kwamba ameshindana kwa kupenda mashindano yenyewe.

Yapo pia maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na haya yana fundisho la pekee. Asi ni kuvunja utii. Halifu asili yake ni kwenda kinyume au kutofautiana. Leo mhalifu ni mtu wa kupelekwa polisi. Katika mzizi huo huo wa Kiarabu limo neno hitilafu, ambalo asili yake ni tofauti baina ya watu au mambo. Leo mashine ikiharibika tunasema imepata hitilafu. Tazama basi mwelekeo huo: maneno yaliyokuwa ya kutofautiana tu yameteremka polepole, moja likawa kosa la jinai na jingine likawa uharibifu.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina neno teta. Kuteta ni kusema dhidi ya mtu, kugombana naye kwa maneno. Lakini tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata tetea, na mtetezi ni mtu mwema. Yaani lugha yetu yenyewe imekiri kwamba anayemlinda mtu humlinda kwa kuteta kwa ajili yake. Upinzani na ulinzi vimetoka katika mzizi mmoja. Mfasiri anayekumbuka hilo hatakuwa mwepesi wa kuandika uasi kila anapoona mtu amesema hapana.

Mwambao usioulizwa

Sasa tuingie katika historia. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba uliogawa maeneo yao katika Afrika ya Mashariki. Ndio mkataba ambao kwao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini na kuutambua ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar. Kuhusu Ziwa Nyasa, mkataba ulisema kwamba mpaka utafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe, kisha utapanda na mto huo. Kwa maneno mengine, nchi kavu ya Kyela iliingia upande wa Wajerumani, na maji yaliyo mbele yake yakaachwa upande wa Waingereza.

Hakuna Mnyakyusa aliyeulizwa, wala Mkisi, wala Mngonde wa ng'ambo ya Songwe. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na kituo cha serikali ya Kijerumani cha Langenburg kiliwekwa kando ya ziwa mwaka 1893. Mpaka ulikwisha andikwa kabla ya wote hao kufika. Watu wa mwambao hawakupinga mkataba kwa sababu hawakujua kwamba upo. Hapo tunapata somo la kwanza kwa mfasiri: kutopinga si neno moja. Kuna kutopinga kwa aliyeridhika, kutopinga kwa aliyetishwa, na kutopinga kwa asiyejua. Kiingereza kikisema kwamba jambo halikupata wa kulisema kinyume, Kiswahili hakina budi kuuliza ni kutopinga kupi.

Utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, kwa mikono ya maakida na majumbe. Katika sehemu nyingi za bara, Kiswahili cha serikali kilifika kikiwa lugha ya amri, ya kodi na ya kazi za kulazimishwa. Katika lugha ya amri, anayesema kinyume ana majina mawili tu: mkaidi au mwasi. Vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907 viliandikwa na Wajerumani kwa neno Aufstand, yaani maasi. Unyakyusa haukuingia katika vita hivyo, lakini Ungoni na Upangwa, upande wa mashariki wa ziwa lile lile, viliingia. Baada ya uhuru, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968 na 1969, na katika vitabu vyetu vya shule jina lililoshika ni Vita vya Maji Maji. Tofauti ya majina hayo si ya mapambo. Mwasi ni mtu aliyekuwa na wajibu wa kutii akauvunja. Anayemwita mtu mwasi amekwisha kukubali kwamba yule aliyeasiwa alikuwa na haki ya kutiiwa.

Pumzi ya watu

Hata hivyo, watu wa mwambao huo walikuwa na elimu yao wenyewe juu ya kupinga kwa maneno. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica Wilson akachapisha kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake juu ya Wanyakyusa mwaka 1951. Humo alieleza imani iliyoitwa embepo sya bandu, ambayo kwa Kiswahili twaweza kusema pumzi ya watu, au ubaridi wa watu. Iliaminiwa kwamba mtu akivunja desturi, majirani wakanung'unika kwa haki, manung'uniko yao humletea yule mkosaji ubaridi na maradhi. Wala malafyale, yaani mtawala, hakuwa salama na pumzi hiyo. Hata yeye akiwadhulumu watu wake ingeweza kumfikia.

Hatuna haja hapa ya kuamua kama maradhi hayo yalikuwapo. Tunalotaka kuonyesha ni fikra iliyomo. Mnung'unikaji hakuhama kijiji, hakushika silaha, wala hakuukana utawala. Alibaki mle mle, jirani kwa jirani, na maneno yake yakawa na uzito kwa sababu yalikuwa ya haki na ya watu wengi. Tena, Wanyakyusa walisisitiza kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni ya hatari, na kwamba haipatikani suluhu mpaka itamkwe mbele ya wahusika. Huko ndiko kusema kinyume kwa maana kamili: si uasi, si ugomvi, bali ni neno linalotolewa hadharani ili jamii ipate kuponya jambo. Anayedhani kwamba Waafrika hawakujua upinzani usio uadui asome habari hizo.

Kimya na ridhaa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilitawaliwa na Uingereza, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa na kisha chini ya Umoja wa Mataifa. Nyasaland nayo ilikuwa ya Uingereza. Kwa hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya 40 mwambao wa Kyela na maji yake vilikuwa chini ya bendera moja. Baadhi ya ramani za wakati huo zilionyesha mpaka katikati ya ziwa, na nyingine ziliuonyesha ufukoni. Ramani zilipingana zenyewe kwa zenyewe, na hapakuwa na dola ya pili ya kusema kinyume.

Mwaka 1962, yaani mwaka uliofuata uhuru, serikali ya Tanganyika ilieleza Bungeni kwamba hakuna sehemu ya Ziwa Nyasa iliyomo ndani ya mipaka ya nchi. Mwezi Julai 1964 Nyasaland ilipata uhuru ikaitwa Malawi, na mwezi huo huo wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Cairo, walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolishikilia azimio hilo kwa nguvu. Malawi imeyategemea mambo hayo yote mawili katika hoja zake, na mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba hayana uzito.

Kwa nini yana uzito? Tarehe 15 Juni 1962, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu katika shauri la Kambodia na Thailand juu ya hekalu la Preah Vihear. Thailand ilipokea mwaka 1908 ramani iliyoliweka hekalu upande wa Kambodia, ikakaa nayo miaka mingi bila kusema neno. Mahakama iliona kwamba kimya hicho kilikuwa sawa na kukubali. Kwa sheria ya mataifa, basi, dola iliyopaswa kusema kinyume nayo isiseme, huhesabiwa kuwa imeridhika.

Wahenga wetu wana neno lao juu ya jambo hilo: kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo yaelekea upande wa pili kabisa. Mswahili akiona mtu amenyamaza mno hadhani kwamba ameridhika. Hujiweka tayari kwa kishindo. Mfasiri anayefasiri hoja ya ridhaa ya kimya kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba anawaletea fikra iliyo kinyume cha methali wanayoijua. Haitoshi kuandika kwamba nchi fulani ilinyamaza. Lazima aandike kwamba ilinyamaza mahali palipopaswa kusemwa neno, ama sivyo hoja yote itampita msomaji.

Matendo manne ya miaka ya 1967 na 1968

Mwezi Januari 1967 serikali ya Tanzania iliiandikia serikali ya Malawi kwamba haiutambui mpaka wa ufukoni, na kwamba mpaka wa haki hupita katikati ya ziwa. Katika mwezi huo huo Malawi ilijibu kwamba barua imepokewa na jambo litatazamwa. Mwezi Juni, Rais Banda alizungumza mbele ya Bunge lake na kuikataa kauli ya Tanzania. Mwezi Septemba 1968 alikwenda mbali zaidi: alitamka kwamba Malawi ina haki juu ya maeneo yaliyo kaskazini ya Songwe, ndani ya Tanzania.

Mara nyingi mambo hayo yote hutajwa kwa neno moja, mgogoro, na msomaji hubaki na picha ya watu wawili wanaogombana. Lakini tukiyatazama kwa makini tutaona matendo manne tofauti. Barua ya Januari ilikuwa pingamizi: iliweka neno njiani ili mpaka wa ufukoni usiendelee kuhesabiwa kuwa umekubaliwa. Jibu la Januari lilikuwa upokezi, ambao si kukubali wala kukataa. Kauli ya Juni ilikuwa kukataa. Tamko la Septemba 1968 lilikuwa dai, maana lilitaka kitu ambacho msemaji hakuwa nacho.

Tofauti ya pingamizi na dai ndiyo nzito kuliko zote, na hapo ndipo kalamu ya mfasiri inapoweza kuhamisha haki bila yeye kujua. Anayedai hutakiwa kuthibitisha, kwani anaomba hali ibadilike. Anayetoa pingamizi husema kwamba hali anayotajiwa si halali. Tanzania husema kwamba ilitoa pingamizi. Malawi husema kwamba Tanzania imeleta dai. Mfasiri asiye wa upande wowote hana ruhusa ya kuchagua kati ya hayo. Kazi yake ni kumwachia kila msemaji neno lake. Akiandika dai katika kinywa cha Tanzania, au pingamizi katika kinywa cha Malawi, amekwisha kutoa hukumu ambayo wasuluhishi wenyewe hawajaitoa.

Yafaa tuongeze kwamba kusema kinyume kunaweza kuzaa matunda. Mpaka wa Msumbiji katika ziwa hilo hilo nao ulikuwa ufukoni. Kwa makubaliano ya mwezi Novemba 1954, Uingereza na Ureno ziliuhamisha hadi katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki upande wa Nyasaland. Tena mkataba wa mwaka 1890 wenyewe ulikuwa na kifungu kilichoruhusu mipaka isahihishwe kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali. Na mahitaji yapo. Ufuko si ukuta. Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilishuka hata maji yakaacha kutoka kwa Mto Shire, kisha yakapanda tena. Katika tambarare ya Kyela, ambamo Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji na udongo, maji yakipanda kidogo ufuko husogea sana. Songwe nao umezoea kubadili mkondo wake baada ya mafuriko. Mfasiri anayeandika ufuko, ukingo au ukanda wa pwani kana kwamba ni neno moja, hajui kwamba katika mambo haya kila neno lina mwenyewe.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na mwaka 2012 shauri likafufuka kwa nguvu. Lilipelekwa mbele ya jopo la viongozi wastaafu wa Afrika lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Usuluhishi huo haukulimaliza shauri. Hata jina la ziwa lenyewe limo katika shauri: sisi twasema Ziwa Nyasa, wenzetu husema Ziwa Malawi, na kila atamkaye jina moja amesema kinyume cha jingine, hata kama hakukusudia.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote twapendekeza kwamba wafasiri wayatenge maneno haya kama ifuatavyo. Neno "gainsay" likihusu kauli au habari, litafsiriwe kukanusha. Likihusu uamuzi, mpaka au haki, litafsiriwe kupinga. Likija katika ukanushi, itoshe kusema hakuna ubishi. Msemaji wa kinyume aitwe mpingaji au mkanushaji kufuatana na tendo lake. Neno mpinzani liachiwe siasa na mashindano, na ukinzani uachiwe sayansi.

Neno pingamizi lihifadhiwe kwa tamko rasmi la kupinga, lenye sababu, linalotolewa kwa anayehusika na kwa wakati wake. Kazi hiyo si ngeni kwake. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, watu wanaokusudia kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla, na mwenye sababu huweza kuweka pingamizi. Hakuna anayedhani kwamba mweka pingamizi ameiasi ndoa. Katika mahakama tunasikia kila siku habari za pingamizi la awali, na katika uchaguzi mgombea huwekewa pingamizi. Kwa hiyo barua ya dola kwa dola yenye nia hiyo iitwe hati ya pingamizi, na kukubali kunakodhaniwa kutokana na kutosema kuitwe ridhaa ya kimya.

Uasi na ukaidi visitumike ila pale ambapo matini yenyewe yasema kwamba utii ulikuwapo ukavunjwa. Neno uhalifu lisiguswe kabisa katika mambo haya.

Huenda mtu akauliza kama kazi yote hii yafaa kwa ajili ya neno moja lililochakaa la Kiingereza. Twajibu kwamba Baraza la Kiswahili liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka ule ule wa barua juu ya ziwa, na kwamba mambo hayo mawili yamekaribiana kuliko yanavyoonekana. Mwezi Julai 2004 Chissano huyo huyo aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa. Mwezi Agosti 2019, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa Jumuiya hiyo. Kwa hiyo itafika siku ambayo hoja juu ya maji ya Kyela itaandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, nayo itasomwa na pande zote mbili za Songwe. Siku hiyo hapatakuwa na matini ya Kiingereza ya kurudiwa ili kusahihisha neno lililokosewa. Wafasiri na walimu wayazoee maneno hayo tangu sasa, kabla hayajahitajiwa mezani.